Florence Nightingale: taa tunaikumbuka, funguo tumezisahau

Kila mwaka tarehe 12 Mei wauguzi wa dunia nzima huadhimisha siku yao. Hapa Pwani pia utawaona na sare zao, wakitoa hotuba, wakikata keki, na wengine wakiwasha mishumaa. Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa Florence Nightingale, na mishumaa ile ni ukumbusho wa taa aliyokuwa akitembea nayo usiku katika hospitali ya wanajeshi. Habari ya taa tunaijua. Mimi leo nataka niwape habari ya funguo.

Nasema funguo kwa sababu muda aliobeba ile taa haukufika miaka miwili. Sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki aliitumia kwenye swali ambalo halina picha nzuri ya kutundika ukutani: nyumba wanamolala watu wasiojiweza, nani ashike funguo zake, na huyo mtu afunzwe wapi, afunzwe nini? Swali hili limenirudia mara nyingi mwaka huu, kila ninaposikia mazungumzo ya makao ya wazee katika kaunti zetu. Ndipo nikaona nimsimulie bibi huyu upya, kwa upande wake ambao hausimuliwi sana.

Alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake Waingereza wakiwa safarini, na ndipo alipopata jina. Jamaa zake walikuwa matajiri hasa. Walikuwa na nyumba mbili kubwa, moja Derbyshire na nyingine Hampshire, na watumishi wa kutosha. Baba yake alimsomesha mwenyewe nyumbani: Kigiriki, Kilatini, historia, falsafa. Hesabu aliiomba kwa nguvu, kwani wakati ule haikuonekana kuwa elimu ya msichana.

Alipokuwa na miaka 16 aliamini kwamba Mungu amemwita kwa kazi, ila hakujua ni kazi gani. Alipokuja kuijua, nyumba nzima iliwaka moto. Mwaka 1845 aliomba ruhusa akajifunze uuguzi katika hospitali ya Salisbury, karibu na kwao. Mama yake na dada yake walipiga kelele kana kwamba ameomba kuolewa na mwizi. Tusiwalaumu sana. Uuguzi wa siku hizo ulikuwa kazi ya mwanamke aliyekosa kazi nyingine, na sifa yake kubwa ilikuwa ulevi. Binti wa watu hakupelekwa huko. Alingojea miaka minane. Alikataa mchumba ambaye kila mtu alimwona anafaa. Alfajiri, kabla wenzake hawajaamka, alikuwa akisoma ripoti za serikali kuhusu afya na hospitali, akiandika daftari juu ya daftari.

Mwaka 1850 alipita Kaiserswerth, kijiji cha Ujerumani kando ya mto Rhine, na mwaka uliofuata akarudi kukaa kama miezi mitatu. Hapo mchungaji mmoja, Theodor Fliedner, na mkewe walikuwa na hospitali, makao ya mayatima, shule, na nyumba ya wanawake waliotoka gerezani. Wanawake walifunzwa kuhudumia na kuendesha sehemu zote hizo. Dawa na tiba za pale hazikumvutia sana. Kilichomkaa moyoni ni kwamba huruma inaweza kuwekewa ratiba, zamu na hesabu, na isiharibike.

Kazi yake ya kwanza rasmi aliipata mwezi Agosti 1853, akiwa na miaka 33, na haikuwa ya vita. Alipewa kusimamia nyumba ya wanawake wagonjwa waliofilisika, katika mtaa wa Harley, London. Wengi wao walikuwa walimu wa majumbani, wanawake waliolea watoto wa matajiri ujana wao wote, kisha uzee au maradhi yakawakuta hawana mume, hawana mtoto, hawana akiba. Wengine walikuja kutibiwa, wengine walikuja kufa. Kwa lugha yetu ya leo, hayo yalikuwa makao.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Jambo la kwanza alilolidai lilikuwa mabomba ya maji ya moto yapande hadi kila ghorofa. La pili, lifti ndogo ya kupandishia chakula kutoka jikoni, ili muuguzi asishinde akipanda na kushuka ngazi na sahani mkononi. La tatu, kengele zenye alama ya kuonyesha ni mgonjwa gani aliyeita, ili muuguzi asiulize mlango kwa mlango. Nia ilikuwa moja: miguu ya muuguzi isimalizwe na ngazi, abaki kwa mgonjwa. Akafungua makabati, akahesabu shuka, akakuta zilizochakaa na zilizoliwa na panya. Akaanza kununua vyakula kwa jumla badala ya rejareja, na jamu ikawa inapikwa nyumbani badala ya kununuliwa dukani. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na yule bibi aliishi nayo bila ya kuisikia.

Kisha akapambana na kamati. Nyumba ilikuwa na kamati mbili, ya mabwana na ya mabibi, na hazikupatana. Kamati ilitaka wapokewe Waprotestanti wa Kanisa la Uingereza tu. Yeye akasema hakai mahali pa namna hiyo. Alitaka Wakatoliki wapokewe, Mayahudi wapokewe, kila mgonjwa apokewe, na atembelewe na kiongozi wa dini yake. Wakakubali kwa sharti kwamba kiongozi huyo asiye wao apokewe mlangoni na Florence mwenyewe, apandishwe juu naye, na ashushwe naye. Akalikubali sharti, na lengo lake likatimia. Alijifunza pia, kama alivyomweleza baba yake kwa barua, kwamba wazo lake likitoka kinywani mwake hupingwa, lakini likipelekwa na daktari au mjumbe mwingine hupita. Yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya shule, ya msikiti au ya maji atacheka hapa, kwa sababu anajua.

Mwaka mmoja baadaye vita vya Crimea vikamchukua. Alifika Scutari, leo Üsküdar, mji wa Waturuki ng'ambo ya Istanbul, mwezi Novemba 1854 na wauguzi 38. Kambi iliyogeuzwa hospitali ilijaa majeruhi waliolazwa sakafuni. Wengi wanadhani tatizo lilikuwa kukosa vitu. Vitu vilikuwako. Mashati yalifika kwa maelfu na wanajeshi walikuwa uchi, lakini mashati hayakutolewa mpaka kamati ikae na kutia sahihi. Aliyekuwa na ufunguo hakuwa na amri, na aliyekuwa na amri hakuwako. Florence akatumia pesa za michango kununua sokoni, akakodi nyumba ya kufulia, akapanga jiko la chakula cha wagonjwa.

Hata hivyo ukweli usemwe. Majira yale ya baridi vifo viliongezeka mbele ya macho yake. Mwezi Februari 1855 watu 42 katika kila 100 waliolazwa walikuwa wakifa. Hospitali ilikuwa imekalia mifereji michafu iliyoziba, na hilo lilirekebishwa mwezi Machi ilipofika tume ya usafi kutoka London. Kufikia Juni vifo vilikuwa vimeshuka hadi kama 2 katika kila 100. Aliporudi Uingereza mwaka 1856 alikaa na takwimu hizo, akazichora kwa michoro ya rangi ili hata waziri asiye na subira aelewe, na mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika chama cha wanatakwimu wa Uingereza. Somo alilolitoa Scutari lilikuwa chungu: wema peke yake, katika nyumba iliyopangwa vibaya, huzika watu.

Kutoka hapo taa ilizimika, funguo zikaanza. Mwenyewe alikuwa mgonjwa. Homa aliyoipata Crimea haikumwacha sawasawa, na miaka mingi aliishi chumbani, akifanya kazi kitandani. Mwishoni mwa 1859 alitoa kitabu chake kidogo kuhusu uuguzi. Ndani yake mna sura moja ambayo mimi ningependa isomwe na kila anayepewa nyumba ya kusimamia. Hoja yake ni hii: kazi ya msimamizi haipimwi kwa anachokifanya akiwapo, bali kwa kinachofanyika asipokuwapo. Anayejisifu kwamba bila yeye hakuna linalokwenda amejishitaki mwenyewe. Usimamizi kwake ni kupanga mambo ili dirisha lifunguliwe, dawa itolewe kwa saa yake na mgeni mwenye kelele azuiwe mlangoni, hata kama mkuu wa nyumba amekwenda mazishini. Sisi tunasema paka akiondoka panya hutawala, kisha tunatafuta paka mkali zaidi. Yeye alitaka nyumba isiyokuwa na matundu.

Mwaka 1860, kwa fedha ambazo umma ulimchangia kama shukrani, shule yake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 15. Walilala na kula bure, walipewa posho, na kila mwezi mkuu wa wauguzi alijaza fomu ya kila mmoja: uaminifu wake, kufika kwake kwa wakati, usafi, utulivu, na uwezo wake wa kupanga wodi. Lengo halikuwa wauguzi wa wodi tu. Baada ya miaka michache wakapokewa pia wanafunzi maalumu, wanawake waliosoma zaidi, ambao tangu mwanzo walikuwa wakiandaliwa kuwa wakuu wa hospitali na nyumba nyingine. Florence aliwaita mmoja mmoja chumbani kwake, akawauliza maswali, akaandika maoni yake juu ya kila mmoja, na walipotumwa mbali akaendelea kuwaandikia.

Nani aliwahitaji zaidi? Si hospitali za wenye uwezo. Uingereza ya siku hizo ilikuwa na nyumba za mafukara, ambazo sheria ilizifanya kali kwa makusudi ili watu waogope kuzikimbilia. Ziliwekwa kwa ajili ya wavivu, lakini waliojaa ndani walikuwa wazee, vilema, wagonjwa wa akili na mayatima. Wagonjwa walihudumiwa na mafukara wenzao, wengi wao walevi au wakongwe wasiojua kusoma maandishi ya chupa ya dawa. Mwezi Desemba 1864 kibarua mmoja, Timothy Daly, alikufa baada ya kuachwa bila uangalizi katika nyumba ya namna hiyo mtaa wa Holborn, London, na magazeti yakapiga kelele. Florence hakuipoteza nafasi hiyo. Alimwandikia waziri husika, na kwa muda alioutumia baada ya hapo alishikilia jambo moja: fukara akiugua, si fukara tena, ni mgonjwa kama mgonjwa mwingine. Wazee watengwe na wahalifu, wagonjwa wa akili wapate mahali pao, watoto wapate shule, na kila nyumba iwe na mkuu aliyefunzwa. Sheria ya mwaka 1867 ya jiji la London ilichukua sehemu ya maneno yake na kuacha sehemu. Yeye hakuridhika, lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Mfano mkubwa ulikuwa Liverpool. Mfanyabiashara wa huko, William Rathbone, alijitolea kulipa gharama akiomba wauguzi kwa nyumba ya mafukara ya Brownlow Hill, yenye wagonjwa kama 1,200. Aliyetumwa kuwa mkuu mwaka 1865 ni Agnes Jones, Mwairishi aliyepita Kaiserswerth na St Thomas, na ambaye sehemu ya utoto wake aliishi kisiwani Mauritius, katika bahari hii yetu ya Hindi. Alikwenda na wauguzi 12. Alikuta wagonjwa wakilala wawili wawili na uchafu wa wiki nyingi. Aliwaachisha wasaidizi waliokuwa wakilewa kazini, akapanga zamu, akadai maji na shuka. Akakorofishana na gavana wa nyumba, kwa kuwa hakuna karatasi iliyosema mamlaka ya huyu yanaishia wapi na ya yule yanaanzia wapi. Florence aliwaandikia pande zote mbili kwa muda mrefu, na tangu hapo akashikilia kwamba mkuu wa wauguzi lazima awe na amri kamili juu ya wauguzi wake, iandikwe, na atoe hesabu kwa kamati.

Mwezi Februari 1868 Agnes Jones alikufa kwa homa ya chawa aliyoambukizwa kazini. Alikuwa na miaka 35. Florence alilia, kisha akatafuta wa kushika nafasi yake, na akaona jinsi ilivyo vigumu. Nyumba kubwa ile ilikuwa imesimama juu ya mabega ya mtu mmoja mwema. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha maisha ya bibi huyu. Mtu mwema hufa, huugua, huolewa mji mwingine, hupata kazi Qatar. Kama hukumfunza wa pili na wa tatu, ulichojenga kitaanguka pamoja naye.

Nyumbani kwake pia uzee ulibisha hodi. Baba yake alikufa ghafla mwaka 1874, na kwa masharti ya urithi mama yake mzee, kipofu na aliyeanza kusahau, ilimlazimu kuihama nyumba aliyokaa miaka karibu 50. Florence, aliyekuwa hana afya, alitumia miezi mingi kila mwaka kumtunza hadi mama alipofariki mwaka 1880. Mama yule yule aliyemzuia asiwe muuguzi.

Mwenyewe alifika miaka 90. Macho yalikwisha, kumbukumbu ikamtoka. Mwaka 1907 mfalme alimpa nishani ya heshima ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kupewa kabla yake. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910. Jamaa zake walikataa azikwe Westminster Abbey, akazikwa kijijini, na kaburini pameandikwa herufi mbili za jina lake na tarehe za kuzaliwa na kufa tu.

Sasa nirudi kwetu. Najua wapo watakaoniambia kwamba Mswahili hapeleki mzazi wake makaoni, na kwamba mjadala huu ni wa wazungu. Nami napenda iwe hivyo. Lakini tazameni yaliyopo. Vijana wetu wako Ughaibuni, na nyumba nyingi za Mji wa Kale zimebaki na nyanya mmoja na msichana wa kazi. Kilifi wazee wamekimbia mashamba yao kwa kusingiziwa uchawi ili warithiwe wakiwa hai, na Kaya Godoma kule Ganze imekuwa kimbilio lao. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya jamaa zake na ya serikali. Makao yapo, na yataongezeka. Tulilobakiza ni kuamua yaendeshwe vipi.

Na hapo tuna ugonjwa. Tukijenga makao tunaalika mheshimiwa akate utepe, tunapiga picha za vitanda vipya, kisha tunamkabidhi funguo mtu kwa sababu ana moyo mzuri, au amestaafu, au ni jamaa wa mwenyekiti. Nimewahi kuingia makao mamoja, sitayataja, siku ya Jumamosi. Mkuu alikuwa arusini Lamu na ufunguo wa stoo mfukoni. Dawa za presha za wazee saba zilikuwa ndani ya stoo. Msichana wa zamu alikuwa mpole sana, alinikaribisha chai, na alikuwa anatokwa na machozi. Hakuna aliyekuwa mbaya katika nyumba ile. Hakuna pia aliyefunzwa.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa kaunti zetu, kamati za misikiti na makanisa, na wafadhili wetu wenye nia njema, kabla ya kuhesabu vitanda waulize mambo machache. Mkuu wa nyumba amejifunza wapi kazi hii, na nani alimpima? Akisafiri, ufunguo anaachiwa nani, na huyo anajua nini? Mamlaka yake yameandikwa, au kila mjumbe wa kamati ni bosi? Daftari la dawa, la chakula na la vifo linakaguliwa na nani? Yuko nani anayefunzwa leo ili ashike nafasi hiyo miaka mitano ijayo? Tuna vyuo vya uuguzi Mombasa, Msambweni na Kilifi. Kuongeza somo la kuendesha makao, likawa na mafunzo ya vitendo na cheti chake, hakutashinda gharama za sherehe tunazofanya za kufungua majengo.

Mishumaa ya mwezi Mei iendelee kuwaka, sina ugomvi nayo. Lakini mwaka huu, mgeni wa heshima akimaliza hotuba, mwulizeni mkuu wa makao yaliyo karibu nanyi alipelekwa kusomea kazi yake lini.